Mechi nane zimebaki na sare zinatutafuna: tuendelee kubana au tufunguke?

Kibirizi Mwaloni (Kigoma)

Wakuu, naomba majibu ya mpira, si ya ushabiki. Jina la timu naliweka pembeni ili uzi usigeuke vita vya matawi.

Hali ni hii. Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, timu 16, mechi 30. Tumecheza 22: ushindi 12, sare 8, kufungwa 2. Pointi 44, mabao ya kufunga 24, ya kufungwa 9. Tupo nafasi ya pili. Wa tatu ana 42 na kiporo kimoja mkononi (mechi ambayo hajaicheza), wa nne ana 41. Zimebaki nane: nne nyumbani, uwanja wa Lake Tanganyika, nne ugenini, na moja ya hizo za ugenini ni kwa huyohuyo wa tatu.

Tatizo ni mechi sita za mwisho. Tumeshinda mbili, zote moja bila. Nne sare, tatu kati yake suluhu ya bila bila. Tunacheza 4-5-1 (mabeki wanne, viungo watano, straika mmoja), mabeki wa pembeni hawavuki nusu ya uwanja, wakata umeme (viungo wakabaji) wawili, na mbele yupo mmoja anayefukuzia mipira mirefu peke yake kama anafukuza kuku. Jukwaa linaanza "mbele! mbele!" dakika ya 20. Benchi la ufundi linasema ukuta ndio uliotufikisha hapa, hauvunjwi safari ikiwa ukingoni.

Naulizia mambo mawili. Kihesabu, sare ya ugenini bado ni pointi nzuri kwa hatua hii? Na kiufundi, timu inafungukaje bila kuacha mlango wazi?

Isevya Kaskazini (Tabora)

Mkuu, anza na kiporo. Jamaa wakikishinda wana 45, kwa hiyo hiyo nafasi ya pili mnayo kwa mkopo. Piga hesabu zako kama timu iliyo ya tatu.

Tukija kwenye sare: ushindi ukiwa pointi tatu, sare haikai katikati ya kushinda na kufungwa, inakaa karibu zaidi na kufungwa. Toka sare mechi zote nane, unapata 8. Shinda tatu ufungwe tano, unapata 9. Msimu mzima mmekwenda kwa pointi mbili kila mechi, mwendo wa kumaliza na 60. Sita za mwisho mmeokota 10 tu, na mkiendelea hivyo mtaishia kwenye 57. Hizo tatu zinazopungua ndizo zinazowatoa watu nafasi ya pili, ya kupanda moja kwa moja, na kuwapeleka kwenye mchujo, na mchujo ni mechi nne za ziada: mbili dhidi ya mwenzenu wa Championship, kisha mbili dhidi ya timu ya Ligi Kuu inayopigania roho yake.

Kwa uamuzi wa uwanjani, kipimo ni hiki. Ubao ukisoma sare, bao lenu linaongeza pointi mbili, bao lao linawapunguzia moja. Kwa hiyo kufunguka kunalipa kama nafasi ya kushinda mnayoiongeza inazidi nusu ya nafasi ya kufungwa mnayoiongeza. Huu ni mfano wa kukokotoa tu: dakika ya 75 mkibaki mlivyo, tuseme kushinda ni 15 kwa 100, kufungwa 10, sare 75. Thamani yake ni pointi 1.20. Mkifunguka kwa mpangilio, kushinda 30, kufungwa 25, sare 45, inakuwa 1.35. Mmefaidika japo hatari imepanda sawa kwa sawa. Mkifunguka ovyo, kushinda 25, kufungwa 35, sare 40, inashuka hadi 1.15. Hapo bora mngetulia.

Mechi ya ugenini kwa huyo wa tatu ina karatasi yake. Mkishinda, pengo linasogea tatu upande wenu. Mkifungwa, linasogea tatu upande wao. Sare, halisogei. Ule uzito wa mbili kwa moja haupo tena, ni sawa kwa sawa. Mkifika kwao mkiwa mbele, baneni bila aibu. Mkifika mkiwa nyuma, sare inawafaa wao, na hapo benchi lenu halina pa kujificha.

Kanyenye 11 (Tabora)

Mabao 24 kwa mechi 22 halafu mnauliza mfunguke au msifunguke. Mnataka kufungua nini, wakati ufunguo wenyewe hamna?

Fundi wa Ujiji

Kanyenye 11 anatania lakini amegusa penyewe. Tatizo la timu ya Kibirizi haliko kwenye idadi ya mabeki. Liko kwenye mita.

Tazameni ukuta unaposimama. Mpira ukiwa kwa mpinzani, mabeki wanne wamekaa mstari wa kumi na nane (mstari wa mbele wa boksi), viungo mita nane mbele yao, straika yuko peke yake ng'ambo ya duara la kati. Kutoka beki wa mwisho hadi straika ni zaidi ya mita 40. Mnapokonya mpira, pasi ya kwanza haina mtu wa karibu, unabutuliwa, straika anaupigania kwa kichwa na mabeki wawili, na ule mpira wa pili unaangukia kwa kiungo wao asiye na mtu wa kumsumbua. Mnashambuliwa tena. Watu wanaita hiyo tahadhari, ila ni kualika mashambulizi ishirini na kuomba kipa awe na siku nzuri.

Hatua ya kwanza, kabla hamjagusa mfumo: pandisheni mstari wa mabeki mita 10 hadi 12. Straika ashuke akutane nao, urefu wa timu nzima ubaki mita 30 hadi 35. Kipa naye atoke, asimame karibu na mstari wa kumi na nane mpira ukiwa upande wa pili, maana nyuma ya mabeki sasa kuna uwanja. Kama kipa wenu ana miguu mizito, pandeni mita 6 tu. Kumpandishia mabeki kipa asiyetoka golini ni kumuonea.

Hatua ya pili ni sheria ya watano nyuma. Mkishambulia, wachezaji watano, ukiacha kipa, hawapiti mstari wa mpira: mabeki wa kati wawili, beki mmoja wa pembeni, na viungo wawili mbele yao. Beki wa kulia akipanda, wa kushoto anabana ndani kuwa beki wa tatu. Mpira ukihamia upande wa pili, wanabadilishana zamu, na yule aliyepanda anarudi kwanza ndipo mwenzake aende. Timu nyingi zinaharibu hapa: wote wawili wanapanda kwa sababu jukwaa limepiga kelele, mkata umeme anavutwa pembeni kuziba pengo, pasi ya katikati inanaswa, na mabeki wawili wanabaki na washambuliaji watatu kwenye uwanja wa mita 50. Bao la namna hiyo beki hutukanwa bure. Kosa lilianza sekunde sita nyuma, upande wa pili wa uwanja.

Watano wanaobaki mbele wagawiwe sehemu, si kila mtu aende atakako. Mmoja nguzo ya karibu, mmoja nguzo ya mbali, mmoja nukta ya penalti, mmoja nje ya kumi na nane kusubiri mpira unaotemwa, na wa tano ndiye anayepiga krosi. Wakipungua kuwa wawili ndani ya boksi, krosi hiyo ni zawadi kwa kipa. Nadhani ndicho mnachofanya sasa.

Tatu, mipira iliyokufa. Hii ndiyo njia ya kufunga isiyowalazimu kuvunja ukuta. Kona: mpigaji mmoja, watano ndani, wawili nje ya boksi, wawili mstari wa kati dhidi ya straika wao mmoja. Jumla kumi. Wakiacha wawili juu, ninyi mnabakiza watatu na ndani wanabaki wanne, hakuna mjadala. Mpira wa kurusha nao hauna kuotea. Mkiwa na kijana anayerusha hadi nguzo ya karibu, hiyo ni kona ya bure, na Championship mabeki wengi wanailalia.

Mazoezi yake, siku tatu kabla ya mechi: nusu ya uwanja, wanane wanashambulia, sita wanazuia, na magoli mawili madogo ya koni kwenye mstari wa kati. Wanane wakipoteza mpira wana sekunde tano za kuupora, zikipita wanarudi nyuma ya mpira mara moja. Sita wakifika kwenye koni wanapata bao. Dakika nne, pumziko dakika mbili, mizunguko minne. Filimbi ilie kila mabeki wote wawili wa pembeni wakionekana juu kwa wakati mmoja. Wiki ya kwanza italia sana.

Mama Gungu (Kigoma)

Fundi, shikamoo. Uchambuzi umenyooka, ila umeuandika kana kwamba mechi zote nane zinachezwa kwenye kapeti na vijana wamelala vizuri.

Timu ya Kigoma ikienda Dar ina reli ya kilomita zaidi ya 1,250, au basi la kutwa kucha. Ugenini mara mbili mfululizo, miguu inafika imevimba. Mtu wa hivyo ukimwambia akabie juu, kwenye nusu ya mpinzani, dakika 90, hadi ya 30 amekatika pumzi na zile mita zako 35 zimekuwa 55, mabeki wamebaki juu na viungo hawarudi. Hapo ndipo mnafungwa matatu. Na matatu hayachukui pointi tu. Sasa hivi mna mtaji wa tofauti ya mabao 15. Vichapo viwili vya hovyo vinaula, na mkimaliza mmelingana pointi mtautafuta. Isevya hilo hukuliweka kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo kukaba juu kuwe kwa vipindi, si kwa mechi nzima. Dakika 12 hadi 15 za mwanzo, dakika tano baada ya mapumziko, na dakika tano kila mnapoingiza wachezaji wapya. Katikati ya hapo shukeni, pumzikeni mkiwa na umbo. Ishara ya kupanda iwe moja inayoeleweka na wote: pasi ya kurudi nyuma kwa beki wao, au beki anapokea akiwa ameipa mgongo goli yenu. Bila ishara, anapanda mmoja, wanabaki tisa, na anayepanda peke yake anachoka bure.

Halafu mabadiliko. Mnao watano lakini nafasi za kusimamisha mchezo ni tatu, mapumziko hayahesabiwi. Makocha wengi wanamaliza nafasi zote tatu kwa kutoa mmoja mmoja, dakika ya 80 mtu anaumia wanabaki kumi. Mkitaka kufunguka, toeni mawinga wote wawili kwa pamoja kati ya dakika ya 58 na 62, maana wao ndio wanaokimbia kwenda na kurudi. Dakika ya 72 hadi 75 ingizeni straika wa pili badala ya mkata umeme mmoja. Nafasi ya tatu mkae nayo hadi ya 85.

Uwanja pia. Masika ikiwa imekolea, madimbwi hukaa mbele ya goli na kwenye pembe. Pasi fupi kutoka kwa kipa siku hiyo ni kujitafutia balaa, mpira unakwama kwenye tope beki akiwa ameshageuka. Siku ya maji chezeni upande wa pili wa uwanja kwa mipira mirefu ya mshazari, kisha wapeni watu wawili kazi ya mpira wa pili tu. Kushambulia si lazima iwe pasi ishirini.

Na benchi lenu lisibezwe kupita kiasi. Msimu wa 2024/25, daraja la pili la Uingereza, Burnley walipata pointi 100 kwa mechi 46 wakiwa wamefungwa mabao 16 tu. Ukuta uliwapandisha.

Isevya Kaskazini (Tabora)

Mama Gungu, hilo la mtaji wa mabao nimelipokea, lilinipita. Ila ya Burnley imalizie. Msimu uleule Leeds nao walipata 100, wakafunga mabao 95 dhidi ya 69 ya Burnley, na ubingwa ukaenda Leeds kwa tofauti ya mabao. Wote wawili walipanda. Na hao Burnley unaowaita wabanaji walifunga bao moja na nusu kwa mechi. Ndugu zetu hapa wanafunga moja na chenji. Burnley hawakuwa wanabutua.

Nikiwa mkweli hata upande wangu una doa. Leeds haohao 2018/19 chini ya Marcelo Bielsa walishambulia hadi watu wakapagawa, wakamaliza wa tatu, wakatolewa na Derby kwenye mchujo. Walirudi mwaka uliofuata na mtindo uleule wakapanda kama mabingwa. Sasa kamwambie shabiki wa Kigoma asubiri mwaka uone atakavyokujibu.

Huku kwetu magharibi mfano uko mlangoni. Mwaka 2023 Kitayosce, baadaye Tabora United, walipanda moja kwa moja wakiwa wa pili nyuma ya JKT Tanzania. Mashujaa wa Kigoma walipanda msimu huohuo lakini kwa mlango wa mchujo, wakaipeleka chini Mbeya City. Mlango upo, ila kuingia kwake ni jasho la mechi nne baada ya msimu kuisha, na gharama za safari zake mnazijua.

Kibirizi Mwaloni (Kigoma)

Nashukuru wote, hasa Fundi na Mama Gungu. Nina swali la nyongeza. Zile mbili tulizoshinda, baada ya kupata bao tulirudi nyuma wote kumi, na dakika za lala salama zilikuwa kama kuzingirwa na siafu. Tukifunga mapema, tufanye nini? Tubaki juu?

Fundi wa Ujiji

Marahaba Mama Gungu, umenisahihisha pazuri.

Kibirizi, bao likiingia msibadili chochote kwa dakika kumi. Hapo mpinzani amevurugika, na mkishuka mnampa muda wa kujipanga. Baada ya hapo shusheni mstari mita tano tu, si kumi na tano, na tuma winga mwenye mbio akae juu pembeni hata mpira ukiwa golini kwenu. Kuwapo kwake pale kunamzuia beki wao wa pembeni kupanda. Mkimrudisha kusaidia kukaba, mmepata mzuiaji mmoja na wao wamepata mshambuliaji mmoja, na mara nyingi huyo wao ni hatari kuliko huyo wenu.

Mabeki watano nyuma waje kuanzia dakika ya 80, na kwa sharti: beki wa tatu wa kati aingie badala ya winga aliyechoka, asiingie badala ya straika. Ukimtoa anayeshika mpira mbele, kila mnachoondosha kinarudi ndani ya sekunde nne. Ndio siafu wako hao.

Jingine, acheni kutegemea kipa kulalia mpira. Kwa sheria iliyoanza msimu wa 2025/26, akiushika zaidi ya sekunde nane mwamuzi anawapa wapinzani kona. Mwamuzi huhesabu tano za mwisho kwa mkono juu, kwa hiyo kipa hana cha kujitetea. Kuua muda kufanyike kwenye kibendera cha kona yao, na wawili, si mmoja.

Kanyenye 11 (Tabora)

Nina la maana mara hii, msicheke. Kadi. Timu inayofunguka inafanya faulo nyingi za katikati ili kukata mashambulizi ya kushtukiza, na anayezifanya ni mkata umeme. Njano tatu anakaa nje. Kibirizi, huyo wenu ana ngapi?

Kibirizi Mwaloni (Kigoma)

Mbili. Na mechi ya ugenini kwa wa tatu ni wiki mbili zijazo.

Mama Gungu (Kigoma)

Basi hapo kuna uamuzi mdogo kabla ya ule mkubwa. Katikati kuna mechi ngapi?

Kibirizi Mwaloni (Kigoma)

Moja tu, nyumbani, na timu iliyo ya 14.

Mama Gungu (Kigoma)

Mwanangu, hiyo ndiyo ya kufunguka. Mkata umeme huyo aanzie benchi. Mmoja anatosha kukaa mbele ya mabeki, nafasi yake mpeni kiungo mshambuliaji. Kabieni juu dakika 15 za mwanzo kama nilivyosema, kona zipigwe watano wakiwa ndani kama Fundi alivyoeleza. Ubao ukisoma bila bila hadi dakika ya 60, toeni mawinga wote wawili kwa mpigo. Yeye msimwingize hata mkiwa mbele kwa moja, njano ya tatu itawagharimu ile mechi ya ugenini.

Isevya Kaskazini (Tabora)

Na fuatilieni kile kiporo kinachezwa lini. Kikichezwa kabla hamjaenda kwao, mtajua mnaenda mkiwa mbele au nyuma. Kikisogezwa baada, hesabuni kwamba wamekishinda na mwende mkiwa nyuma kwa pointi moja kama mambo mengine hayajabadilika. Kwa hali hiyo suluhu ya kule haiwatoshi, na straika wa pili aingie ya 60, msisubiri ya 75.